Nilimjazia Mtoto wa Dada Kazi za Likizo

Nimekosa mimi, asitafutwe mwingine. Na wewe unayetaka kunitetea eti nina roho nzuri, naomba unyamaze. Hiyo roho nzuri ndiyo iliyomharibia mtoto!

Dada yangu anakaa mjini, Kijenge. Desemba alimleta binti yake, nimwite Ndeshi, huku kwetu mlimani Nkoaranga kwa bibi yake. Yeye na shemeji wangepanda Krismasi ikikaribia. Ndeshi alikuwa ametoka kumaliza darasa la kwanza, kusoma kwenyewe ndiyo kwanza anaunganisha silabi.

Dada akanikabidhi kitini cha kazi za likizo. "Mdogo wangu, ukurasa mmoja kwa siku. Asome kwa sauti, aandike mwenyewe. Huyu akikaa mwezi mzima hivi hivi, anasahau herufi zote."

"Dada, niachie mimi!"

Niliishia kidato cha nne, lakini ndoto yangu ni kufungua chekechea, kuta zimechorwa twiga na vipepeo. Nilijiona mwalimu tayari.

Siku ya kwanza Ndeshi aliandika mistari miwili, akaanza kulia. Wenzake walikuwa wanamwita nje, wanashuka mtoni kukata majani ya ng'ombe. "Mama mdogo, nimechoka." Machozi yale, jamani! Nikamwambia, "Nenda kacheze, nitakumalizia."

Nikamalizia. Kesho yake nikamalizia tena. Siku ya tatu hakukishika kitini kabisa.

Nikawa naandika kwa mkono wa kushoto ili herufi zipinde kama zake! Naweka na makosa mawili matatu, nayafuta, pabaki pachafu. Kila jioni dada akiuliza, napiga picha, namtumia. Anajibu, "Mungu akubariki mdogo wangu." Na mimi naandika amina. Mimi huyu!

Mama alinishtukia. "Mbona sijamsikia huyu mtoto akisoma?"

"Anasoma kimoyomoyo, mama."

Hata dada na shemeji walipofika Krismasi, nyumba ilikuwa na wageni tele, nani angeshika kitini? Nikapona. Nilidhani nimepona!

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wake alikisifia sana kile kitini. Akamsimamisha Ndeshi mbele ya darasa awasomee wenzake ukurasa mmoja. Mtoto akaduwaa. Wenzake wakacheka. Akasema, "Aliandika mama mdogo," na akajikojolea pale pale.

Jumamosi dada akapanda. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nilikuuliza kila siku. Kila siku!"

"Nilimwonea huruma, dada."

"Huruma gani? Ulitaka akupende wewe, mimi nionekane mkali! Unajua ananiuliza nini? 'Mama, mimi ni mjinga?' Haya mjibu, mwalimu!"

"Nisamehe, dada."

"Likizo hamleti mtu hapa tena. Na hiyo chekechea yako kafundishe kuku."

Akaondoka bila kunywa hata chai ya mama. Habari zikashuka na njia zote za mlimani. Mama mmoja jirani aliyekuwa ameniahidi mapacha wake wa kuanza nao chekechea alinicheka waziwazi: "Na wangu utawajazia?"

Sasa hivi saa za kusoma Ndeshi anakalishwa na watoto wa darasa la kwanza. Pasaka walikuja kutwa moja tu. Nikamwita taratibu, "Njoo tuandike jina lako." Akaificha penseli mgongoni.

"Sitaki. Utaniandikia wewe."

Ana miaka saba! Afadhali dada angenizaba vibao mbele ya kanisa zima.

Nyie mama wadogo, mashangazi, nyie mnaoachiwa watoto likizo, msikie. Mtoto akilia juu ya daftari, kaa naye hapo hapo, mfute kamasi, mpe ndizi, asome hata mstari mmoja, halafu ndiyo akacheze. Aandike vibaya, aandike kama kuku kaparua, lakini mkono uwe wake. Na ukiona unashika kalamu eti kwa sababu unampenda, muongo wewe! Unamwibia, na atakuja kulipia peke yake, mbele za watu, wewe haupo.