Mkwe Wangu Amepewa Sifuri kwa Kuniheshimu

Leo Bungoma nimegombana na mwalimu wa maprofesa, na bado sijamaliza.

Mkwe wangu, bwana ya binti yangu Nekesa, anasomea udaktari wa historia. Si ule wa sindano. Yeye na wenzake waliitiwa mafunzo ya kuhoji wazee, na sisi wazee tukaitwa tuhojiwe.

Mwalimu akanikalisha. Mbele yangu, goti kwa goti, akaweka nani? Mkwe wangu!

Wenye wakwe mnanielewa.

Mtoto wa watu akaruka, akageukia ukuta. Mimi nikavuta leso usoni.

"Mtazame machoni!" mwalimu akapiga kelele. "Ama nikuangushe mtihani?"

Nikamwambia, "Wewe unafundisha kuhoji wazee na hujui mkwe haketi na mama mkwe?"

Mkwe akatoka nje, akauliza maswali yake yote nyuma ya mlango. Nikajibu moja moja, mpaka vile babu zetu walihamia Misikhu.

Bado akapewa sifuri. Ati hakunitazama! Na bila cheti cha mafunzo hayo hapati kazi ya chuo.

Semeni nyinyi, nani amefeli hapo?

Maana angenitazama machoni, bana, leo hii ningeenda kumchukua binti yangu nimrudishe nyumbani.