"Mzee ametuacha": status yangu kuhusu framework ilivyojaza watu msibani Ikolo

Salaam wakuu, hasa wale wa jukwaa hili la tech.

Nawaletea jambo lililonitokea mwenyewe. Sitaongeza chumvi, lenyewe limekolea.

Mimi ni developer, naishi Kyela mjini. Kazi yangu kubwa ni app ya kikundi cha akina mama wafinyanzi wa ziwani, mbele ya Matema. Lodge na maduka ya Mbeya wanaagiza vyungu humo, na akina mama wanaona oda kwenye simu hata network ikikata. Na kule inakata kweli.

Zamani walikuwa wanamsubiri mchuuzi ufukweni. Akija anachagua anavyotaka, asipokuja vyungu vinakaa. App ikifa, wanarudi kwa mchuuzi. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Maana framework niliyojengea, yaani msingi wa programu ambao app yote imesimama juu yake, inatunzwa na mtu mmoja tu, mzungu fulani wa mbali ambaye sijawahi kumwona. Tunaoitumia tunamwita Mzee.

Siku hizi kimya. Update hakuna, maswali kwenye forum yake hayajibiwi, na browser za simu zinabadilika kila kukicha.

Akina mama nilikuwa nimewaficha. Ningewaambia nini? Kwamba kazi yao imeshikwa na mtu asiyejulikana alipo? Niliona aibu.

Asubuhi moja oda zikagoma kufunguka kwenye simu mpya ya katibu wao. Nikaingia forum ya Mzee, nakuta watu wanaagana, kila mmoja anataja framework anayohamia. Nikaweka status, nikiwalenga developer wenzangu wa Mbeya:

"Mzee ametuacha."

Nikapanda bodaboda kwenda kumtengenezea mteja printer. Huko simu ikaisha chaji.

Wakuu, mimi nilimaanisha katutelekeza. Lakini nyie mnajua neno hilo kwetu linasomwaje.

Jioni nawasha simu, dada yangu anapiga.

"Uko wapi? Watu wamejaa nyumbani Ikolo wanamlilia baba. Na baba mwenyewe ndiye anawatolea viti."

Nilifika nikakuta vijana wanafunga turubai. Akina mama wa ziwani walikuwepo, vitenge viunoni, wamekuja na mchele na chungu kikubwa kipya cha kupikia wafiwa. Katibu wao ndiye aliyeiona status. Wamepanda mtumbwi mpaka Matema, halafu wakakodi gari. Kwa ajili yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Ndaga fijo, asanteni sana kwa kuja. Mimi bado nipo, kama mnavyoniona. Sasa huyu atuambie aliyekufa ni nani."

Ikabidi niseme yote, mbele ya msiba usio na maiti. Nikawaambia chombo kinachoshika oda zao kina mwenyewe, na mwenyewe haonekani. Kikiharibika zaidi, mimi sina uwezo wa kukitengeneza. Nikasubiri matusi.

Mama Tumpe, mwenyekiti wa kikundi, ndiye alianza. "Unaweza kutujengea kingine?"

"Naweza, mama. Ila itachukua muda, na muda huo wateja watakuwa wanawapigia simu tu."

"Basi tutapokea simu. Kwa mchuuzi haturudi." Kisha akauliza, "Na huyo baba wa watu, anaumwa?"

"Sijui, mama."

"Hamjamuuliza?"

Nikamwambia watu wameuliza sana kwenye forum. Akataka nimsomee walivyouliza.

Nikafungua pale pale, nikaanza kutafsiri. Update inatoka lini. Mbona hujibu. Tumekutegemea, unatuharibia kazi. Nikazidi kushuka mpaka nikafika kwenye swali langu mwenyewe. Ni yale yale, tena mimi nimeandika kwa ukali. Nikaacha kusoma.

Akina mama wakapika ule mchele wao, watu wakala, wakalala kwetu, asubuhi wakaondoka. Hakuna aliyenicheka usoni, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa hivi nahamishia app kidogo kidogo kwenye framework inayotunzwa na watu wengi. Oda zinakuja kwa simu, nyingine zinapotea, ila kikundi kipo.

Funzo nililopata: kabla hujaweka riziki ya watu juu ya kitu, jua nani amekibeba na yuko peke yake au la. Na kikianza kuyumba, waambie wenyewe mapema. Mimi niliwaona akina mama wangu hawataweza kulibeba jambo hili. Niliwakosea heshima.

Nimemwandikia yule mtu. App sikuitaja kabisa. Nimemwambia kuna akina mama huku Ziwa Nyasa wanauliza hali yake.

Hajajibu.

Karibuni mchangie wakuu, mnaotegemea framework za mtu mmoja mnajikingaje? Na kama humu kuna mwenye njia ya kumpata, naomba anijulishe kama ni mzima. Mama Tumpe kila akipiga simu anaanza na hilo kabla ya oda.