Fundi wa Drili Yenye Taa

Niliiona ile taa asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande uani. Ilikuwa ikipita kwenye ufa wa dari ya stoo, polepole, ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, halafu ikazimika. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kupigia deki. Nikatulia nisikie mlio wa drili, maana taa ile ilikuwa ya drili ya fundi, taa ambayo yeye mwenyewe siku iliyotangulia aliiziba kwa tepu nyeusi akiapa kwamba haimfai kitu. Sikusikia mlio. Nilisikia magoti ya mtu yakijikokota juu ya mbao, juu ya kichwa changu.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mtunzaji wa nyumba moja Diani. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala, nyuma ya ua wa michongoma, upande wa pili wa barabara ya mahoteli. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyeishi Nairobi. Alikuja na wanawe shule zikifungwa, na miezi mingine nyumba ilikodishwa wageni. Lakini wageni walikuwa wameadimika pwani yote, mahoteli yanapunguza watu, na nyumba ile ikawa yakaa tupu mwezi baada ya mwezi. Nikabaki mimi na funguo. Asubuhi nafungua madirisha, naanika magodoro, jioni nafunga. Nililala chumba cha uani, na Ijumaa nilikwenda kwetu Msambweni.

Siku moja tajiri wangu akapiga simu. "Atakuja fundi kutengeneza makabati ya jikoni," alisema. "Mfungulie vyumba vyote."

"Makabati yako jikoni, mama. Vyumba vyote ni vya nini?"

"Wewe mfungulie tu."

Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Fundi alikuja kwa baiskeli kutoka Ukunda. Alikuwa mtu wa bara, wazazi wake wana shamba upande wa Mkongani, lakini yeye alishika kazi za mahotelini mpaka kazi zikakauka. "Sasa sista!" alinisalimu. Mimi nikamtazama tu. Akaweka baiskeli ukutani, akavua kofia, akaanza upya: "Habari za asubuhi, dada?" Nikamwambia nzuri, karibu.

Kutoka kwenye sanduku la plastiki alitoa drili isiyo na waya hata mmoja. Betri yake ilikuwa kwenye mpini, na chini ya mdomo wake, pale panaposhika ule msumari wa kutobolea ambao mafundi huuita biti, palikuwa na glopu ndogo kama punje ya mahindi. Alisema alimjengea Mjerumani mmoja kaunta ya baa, na yule Mjerumani akamwachia alipokuwa akirudi kwao. "Ukigusa hapa kidogo, taa inawaka. Ukikaza, inazunguka. Mashine ya majuu hii."

"Mchana huu taa ni ya nini?"

"Ndani ya kabati ni giza, dada. Utaona."

Niliona kweli. Alinipa mlango wa kabati nimshikie, yeye akaanza kutoboa mahali pa bawaba. Ile taa, kwa kuwa ilikuwa chini ya biti, ilitupa kivuli cha biti juu ya alama ya penseli, pale hasa alipotaka kuona. Vanishi ya mlango nayo ikaurudisha mwanga ukanipiga machoni, nikafumba, mkono ukacheza. Tundu likaenda kando. Akasonya, akajaribu tena ameinama upande mwingine, kivuli kikamfuata. Mwishowe akakata kipande cha tepu nyeusi, akaiziba ile glopu, akafungua dirisha la jikoni, akafanya kazi kwa mwanga wa Mungu. Milango ikakaa sawa.

"Taa ya ujinga," alisema. "Wameweka ili wauze."

Nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu nami nilikuwa nimeshaamua hivyo tangu nilipoiona. Lakini ndiyo maana siku ya pili nilipoona mwanga ukitembea darini niliitua ndoo. Kama taa ni ya ujinga, imefunuliwa kwa kazi gani?

"Fundi!" niliita. "Wafanya nini huko?"

Magoti yakasita. Kisha sauti: "Nacheki waya, sista!"

"Waya wa makabati ya jikoni umepita juu ya stoo?"

Akashuka ngazi amejaa utando wa buibui mpaka kwenye nyusi. Nilitazama drili mkononi mwake. Tepu haikuwapo. Na mdomo wa drili ulikuwa mtupu, hauna biti. Alikuwa amepanda na chombo cha kutobolea bila cha kutobolea.

Alipokwenda kula mchana nikapita chumba kwa chumba. Kwenye chumba cha tajiri nikafungua kabati la ukutani, nikatoa mablanketi, nikainama. Ubao wa nyuma ulikuwa na matundu madogo, chini kabisa karibu na sakafu, na unga mpya wa mbao ulikuwa umelala hapo. Diani siku zile kila mtu alikuwa na habari ya nyumba tupu iliyoingiliwa, na habari zote zilifanana: wezi waliingia wakijua kila kitu kilipo, kana kwamba wamewahi kulala humo. Nikarudisha mablanketi, nikafunga chumba, ufunguo nikautia kifuani.

Ijumaa nilimwendea kaka yangu Msambweni. Yeye ni seremala wa vitanda na milango, na keekee yake ya kutobolea ni ya kuzungusha kwa mkono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja hivyo?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akipiga randa, kisha akaacha. "Drili yenye taa? Kutoboa ni mkono na jicho. Huyo apima nyumba, dada yangu. Nitakuja nimtazame mwenyewe."

Akaja kweli Jumatatu, amebeba madafu kama mtu aliyepita kunijulia hali. Nikamkaribisha jikoni, ambako fundi alikuwa akishughulika chini ya sinki. Wakasalimiana. Kaka akaitazama drili pale sakafuni kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Akaiokota, akaipima uzito. Akaibonyeza kidogo, taa ikawaka.

"Waweza kujaribu, mzee," fundi akamwambia. "Ile skrubu ya nyuma kabisa imenishinda."

Kaka yangu, ambaye hakuwa tena kijana wa kulala sakafuni, akalala chali akaingiza kichwa na mabega ndani ya kabati la sinki. Tukasikia mlio, ukakatika, ukaja tena. Alipotoka ndevu zimejaa vumbi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Yamulika pale pale penye kazi!" alisema. "Miaka yote nimeshikiwa tochi na mtu asiyejua pa kumulika." Akanigeukia, kwa sababu tochi hiyo tangu utoto nilikuwa nikiishika mimi.

"Lakini ukitoboa kwa alama, kivuli chake kinasumbua," fundi akasema.

"Basi wangeiweka taa juu."

"Ikiwa juu, kivuli kitaanguka chini. Nimefikiria sana hiyo maneno. Hakuna mahali utaiweka ikose kivuli."

"Wangeweka mbili, moja kila upande."

"Betri itaisha mbio, mzee."

Wakaendelea hivyo mpaka madafu yakaisha, wakibishana kama watu walioozeshana watoto. Nilimleta kaka awe shahidi wangu, akawa shahidi wa drili. Alipokuwa akiondoka nikamkumbusha habari ya matundu. "Mtu mpole yule," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda. Sasa nikawashuku wote wawili.

Nikampigia simu tajiri. Haikuwa kawaida yangu kumpigia. "Mama, fundi ametoboa ubao wa kabati lako la chumbani. Na leo wiki nzima ashinda darini."

Nilitaraji afoke. Alikuwa mtu wa kufoka, hata kwa kikombe kilichovunjika sikio. Badala yake nikasikia redio ikisema huko kwake. Hakuuliza ametoboa matundu mangapi. Hakuuliza kwa nini.

"Mwache amalize," alisema mwishowe.

Nilipoiweka simu, shaka yangu ilikuwa imehama. Ilikuwa imemtoka fundi, imekwenda Nairobi.

Kesho yake nikapika chai ya tangawizi, nikamwekea fundi kikombe mezani, nami nikaketi mbele yake. "Kunywa," nikamwambia. "Ukimaliza, uniambie umetumwa nini humu."

Akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini. "Na wewe je? Si umewekwa na mama unichunge? Nikigeuka, uko mlangoni na ufagio. Nikipanda juu, unaita. Mpaka nimeanza kuota wewe."

"Aniweke mimi? Mimi niliambiwa nifungue milango tu."

Tukatazamana. Sijui nani aliamini kwanza, lakini yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Nyumba inauzwa, dada. Alinikataza nikuambie. Makabati ni kisingizio. Kazi yangu ni kutafuta mchwa wamefika wapi. Ndiyo maana natoboa nyuma ya kabati, natazama unga unaotoka. Na darini hakuna umeme, tochi yangu imekufa, hii taa ndiyo naona nayo."

Siku zote zile nilikuwa nikilinda nyumba dhidi ya mtu anayekuja kuichukua, na mwenye kuichukua alikuwa mwenye nyumba mwenyewe. "Wamefika wapi?" nikauliza.

"Njoo."

Nilipanda ngazi nyuma yake, nguo nimeifunga kiunoni. Darini palikuwa na joto la tanuri na harufu ya popo. Akanipa drili nimulike. Niliikamata kwa nguvu mno, ikanguruma mikononi mwangu, nusura niiangushe kupitia dari. "Gusa tu," akasema, "usikaze." Nikagusa. Duara dogo la mwanga likaangukia boriti iliyopita juu ya stoo. Kwa nje ilikuwa nzima. Yeye akaisukuma kwa bisibisi, nayo ikaingia mpaka mpini kama kwenye mkate.

"Hii moja tu," alisema. "Nyingine ni nzima, nimezipitia zote. Lakini mama amesema nisiibadilishe, nipige ubao mpya juu yake, nipake rangi."

"Na utapiga?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, dada."

Akapiga. Nilisikia kila skrubu ikiingia.

Tajiri alikuja mwisho wa mwezi na mume na mke kutoka Mombasa, watu wa heshima, wakatuamkia vizuri. Fundi aliambiwa awepo, kama kuna mlango wa kurekebisha. Mama akawatembeza, akanitambulisha kama mtu wa nyumbani, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Tulipofika stoo yule mke akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Dada, wewe ndiye unayekaa hapa. Paa hili li salama?"

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni. Hakunifanyia ishara yoyote, ila alikuwa ameacha kuchezea funguo za gari. Nilijua nikisema li salama nitakuwa nimewauzia wale watu boriti ile kwa mdomo wangu. Nikisema si salama, nitalala wapi?

"Aliyepanda juu ni fundi," nikasema. "Yuko jikoni. Muulizeni yeye, mumwambie awaonyeshe sehemu ya juu ya stoo."

Fundi alipoitwa alimtazama tajiri, akanitazama mimi. Kisha akachukua drili akapanda. Tukasikia skrubu zikitoka. Yule mume akavua koti, akapanda nyuma yake, na kupitia ufa ule ule nikauona mwanga ukisogea na kusimama. Aliposhuka alijipangusa mikono kwa leso, taratibu sana. "Tunashukuru," akamwambia tajiri. "Tutakupigia simu." Hawakupiga.

Walipoondoka, mama aliketi jikoni bila kuvua miwani ya jua.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Niliulizwa, mama."

"Ningekuambia mwenyewe. Niliogopa ukijua nyumba inauzwa utatafuta kazi kwingine, nyumba ibaki bila mtu, iingiliwe."

"Au niondoke na vyombo."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, na nikaona macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia, na bado sikumwamini, na nilijua kwamba naye yu hali hiyo hiyo juu yangu. Nikamwandalia chai. Tukanywa sote wawili pale pale, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Boriti ilibadilishwa. Fundi aliifanya kazi hiyo pamoja na kaka yangu, ambaye alikuja kila siku kutoka Msambweni bila kulalamikia mwendo, na mimi nilijua alichokifuata. Mwaka uliofuata nyumba ikauzwa kwa watu wengine kabisa, walioiona ilivyo. Walikuja na mlinzi wao. Niliwaonyesha mabomba yanayovuja na dirisha lisilofunga wakati wa upepo wa kusi, nikakabidhi funguo.

Mama alikuja kuniaga. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema amenitafutia kazi kwa rafiki yake mwenye nyumba za wageni Tiwi, watu wazuri, nitapenda. Nilimshukuru. Kisha nikamwomba anipe jina la mtu nitakayemrithi kazi hiyo ya Tiwi, na mahali anapokaa, ili nikamuulize kwanza kwa nini aliiacha.