Reli Tuliyoijenga Keumbu

Kisii hakuna reli. Haijawahi kufika, na nilipokuwa mdogo sikuiona kuwa hasara, kwa kuwa niliamini reli ndiyo iliyokuwa imemmeza baba yangu. Alikuwa dereva wa treni upande wa Kisumu na Nakuru. Nyumbani kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Keumbu, alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, akiwa na mkate mrefu uliofungwa kwa gazeti na koti lililonuka dizeli. Mama ndiye aliyelima, akachuma majani chai, akauza ndizi sokoni na kutusomesha. Baba tulimwita tata, kama Wagusii wote wanavyowaita baba zao, ila sisi tulilitamka neno hilo kwa uangalifu, kama watu wanaozungumza na mwalimu mkuu.

Katikati ya miaka ya tisini alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Akarudi na sanduku la bati na kiinua mgongo alichokimalizia kwenye ploti ndogo sokoni, vyumba viwili vya mabati, vyenye umeme kwa sababu nyaya zilipita kando ya barabara. Chumba cha mbele alikipangisha kwa kinyozi. Cha nyuma hakukuwa na aliyekitaka. Shambani hakuwa na kazi ya kufanya. Alishika jembe kama kitu cha kuazima. Kila jioni aliketi kwenye kiti nje ya nyumba, mkono wa kushoto ukisogea polepole mbele na nyuma juu ya goti, na nilielewa baadaye kwamba alikuwa akifunga breki.

Mimi nilikuwa binti yao wa kwanza na ndimi peke yangu niliyebaki nyumbani. Nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kisii, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa la Wahindi. Mwenye duka aliponunua kompyuta mpya ya hesabu zake, aliniuzia ile ya zamani kwa bei ya kutupa. Siku moja nikamwita baba chuoni, nikamwonyesha mchezo wa gari dogo linalokimbia kwenye kioo. Alilitazama, mikono nyuma.

"Hii si kuendesha," akasema. "Hapa hakuna uzito."

"Nikikutengenezea treni?"

"Utaitoa wapi?"

"Wewe utaniambia ilivyo, mimi nitaiandika ndani ya kompyuta."

 Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye kile chumba cha nyuma, amepiga magoti, anachora sakafuni kwa chaki mahali ambapo kiti cha dereva kingekaa.

Tulifanya kazi ile karibu mwaka mzima, kila Jumapili na kila jioni niliyowahi kutoka mjini. Jumamosi hapana, mama ni Msabato, na siku hiyo hata baba hakuthubutu kugonga msumari. Tulitumia plaiwudi iliyobaki kwenye ujenzi wa kanisa, mabati ya zamani, na kiti cha lori kutoka kwa fundi mmoja wa Suneka. Baba alichonga mkono wa breki kwa mti wa msonobari, akaukatia meno ili ushike hatua kwa hatua. Alipouona mwepesi, akaufunga chuma kwa chini. Mimi nilifungua kibodi ya kompyuta, nikaunganisha nyaya na vipande vya shaba, ili kila mkono ukisogezwa uwe kama kidole kinachobonyeza. Kioo cha kompyuta tulikiweka mahali pa dirisha la mbele. Spidomita ilikuwa sahani ya saa ya ukutani, na mshale wake niliusogeza mwenyewe kwa uzi, nikiwa nimeketi nyuma ya ubao.

Kisha njia. Tulichagua kipande cha kutoka Kisumu hadi Fort Ternan, na hapo ndipo nilipomfahamu baba yangu. Alifumba macho na kuniendesha, nami nikiandika daftarini: Kibos, Miwani, mashamba ya miwa pande zote mbili, njia imenyooka, Chemelil, Muhoroni, halafu Koru na mlima unaanza, treni inapumua, mwendo unashuka hadi mtu mzima anaweza kutembea kando yake. Alijua kila daraja, kila karavati la maji, kila mti uliosimama peke yake. Nikikosea alinishika bega.

"Hapo hakuna mti. Mti uko baada ya kibao."

"Tata, ni mti tu."

"Dereva anaangalia mti ule ndipo anashika breki. Ukiuhamisha, umeua watu."

Nilicheka, naye akacheka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na sikukumbuka siku nyingine tuliyowahi kucheka pamoja. Mtu huyu hakuwahi kujua nilikuwa darasa la ngapi. Hakujua niliugua homa ya matumbo nikiwa kidato cha pili, mama akanibeba mgongoni hadi barabarani. Lakini alijua rangi ya lango la mlinzi wa njia kule Kibigori. Niliona uchungu wa jambo hilo, nikaumeza, kwa sababu sasa alikuwa wangu, kwa muda wa saa tatu kila jioni, na sikutaka kumpoteza kwa kuuliza.

Baada ya Koru, kwenye kona ya kupanda, alitaka nyumba. Nyumba ya mabati yenye paa la kijani, tangi la maji upande wa kushoto, na mgomba mmoja mbele. Nilimwambia kompyuta ile ina rangi chache na nyumba nyingine zote tumeziacha. Akakataa katakata.

"Hiyo lazima iwepo. Na hapo honi inapigwa mara mbili, fupi fupi."

"Kuna kivuko?"

"Kona mbaya. Watu hukatiza."

Nikaichora. Nilikaa siku tatu nikitafuta kijani kilichompendeza, kwa kuwa cha kwanza alisema kimekolea mno na cha pili kimechakaa. Cha tatu alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Ni hicho." Nilijisikia kama mtoto aliyepewa alama zote.

Tulipomaliza, watu wa soko walikuja kuona. Akina mama waliacha mikungu yao ya ndizi, wakaja kuchungulia mlangoni. Kinyozi alimleta kila mteja. Baba alivaa kofia yake ya kazi, akaketi, akavuta mkono, na ngurumo niliyoirekodi kwenye kaseti kutoka kwa injini ya kinu cha posho ikaanza. Reli mbili nyeupe zikaanza kuja mbele yetu. Mama alifika siku ya kwanza, akasimama nyuma kabisa na leso yake kiunoni, akasema, "Kumbe ndiko ulikokuwa," kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Mwezi mmoja baadaye alikuja mgeni. Alikuwa msaidizi wa baba wa siku zile, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyekuja Masimba kwa mazishi ya shemeji yake na kuulizia nyumbani kwa rafiki yake. Baba alifurahi hadi akasahau kumkaribisha chakula. Alimpeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Mama alitufuata na chupa ya chai na vikombe. Mimi nikaketi mahali pangu nyuma ya ubao na uzi wa spidomita mkononi.

Mgeni aliendesha mwenyewe. Alitaja vituo kwa sauti, akapiga makofi Muhoroni, akalaani mlima wa Koru kama mtu anayemlaani mjomba mkorofi. Halafu paa la kijani likatokea.

"Wewe!" akapiga kelele, akampiga baba paja. "Hata kwa yule mama umeweka! Na mgomba wake! Bwana, ulikuwa unanichosha hapa. Punguza mwendo, tupa kifurushi, piga honi. Mimi nashika breki, wewe unapunga mkono kama bwana harusi!"

 Mgeni akageuka, akamwona mama amesimama na chupa ya chai, akaelewa. Alikunywa chai ile bila kuipuliza, akasema amechelewa gari, akaondoka.

Mama aliweka chupa chini. Akajifuta mikono kwenye leso.

"Nipisheni kwenye kiti hicho," akasema.

"Mama watoto," baba alianza.

"Nimesema nataka kuketi."

Baba akasogea kando. Mama aliketi kwenye kiti cha lori, miguu yake haikufika chini vizuri. Akaniambia mimi, si yeye: "Irudishe nyuma. Nataka kuiona hiyo nyumba."

Nilitoka nyuma ya ubao. Nilirudisha njia hadi Koru, nikasukuma mkono. Mama aliangalia kioo bila kupepesa. Paa lilipotokea akasema, "Simamisha."

"Treni haisimami hapo," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mlima. Ukisimama huwezi kuondoka tena."

"Simamisha."

Nikasimamisha. Tukakaa watatu mbele ya nyumba ile, vipande vya kijani na kahawia nilivyovipanga kwa mikono yangu, na kaseti ya kinu ikiendelea kunguruma.  Mwishowe mama aliuliza, "Ulikuwa ukimtupia nini?"

"Sukari. Unga wakati mwingine."

"Sukari," mama akasema. Aliteremka kitini, akakusanya vikombe. Mlangoni akanigeukia. "Na wewe, na elimu yako yote niliyoilipia kwa ndizi, ndiye uliyempaka rangi paa lake."

Hilo ndilo neno pekee la kunilaumu alilowahi kuniambia kuhusu jambo hilo. Ningependa yangekuwa mengi zaidi, nikapata pa kujibu.

Baba alijaribu kunieleza jioni hiyo. Alisema upweke wa njia hauna jina. Alisema hakuzaa naye, kwa hiyo hakutuibia. Nikamwuliza kwa nini alinifanya nimchoree, mimi, wakati angeweza kuiacha kona ile iwe nyasi tupu kama kona nyingine zote. Alifikiri, na alichonijibu sijawahi kukisamehe.

"Njia isingekuwa ya kweli," akasema.

Wiki chache baadaye, likizo ya Agosti, nilimuaga mama nikisema nina semina Kisumu. Kutoka Kisumu nikapanda gari la Muhoroni, kisha Koru, na kutoka Koru nikatembea kando ya reli nikihesabu vibao. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Mti ulikuwa baada ya kibao, kama alivyosema. Nyumba ilikuwa kwenye kona. Paa lilikuwa limeshika kutu na kijani kimebaki kwenye mikunjo tu. Tangi lilikuwepo, mgomba haukuwepo.

Mwanamke aliyetoka alikuwa na umri wa mama, mwembamba, kipofu wa jicho moja. Hilo hakunisimulia baba. Nilisema nimepotea, naomba maji. Alinipa maji, akaniwekea kigoda kivulini, tukazungumza juu ya mvua na bei ya miwa. Treni ya mizigo ikapanda wakati tunaongea. Aliacha kuchambua mboga, akaitazama hadi ikapita yote, na ilipopita bila kupiga honi akaendelea.

"Zamani kulikuwa na dereva alikuwa akinisalimu hapa," akasema. "Mtu wa Kisii. Maskini, alifiwa na mkewe akijifungua, hata watoto hakubakiwa nao. Alisema akistaafu atakuja tukae. Halafu siku moja akapita dereva mwingine, na mwingine. Sikumwona tena." Alinitazama kwa lile jicho lake zima. "Wewe pia unaongea kama watu wa huko. Labda umemsikia?"

Akamtaja kwa jina lake kamili.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumtukana mwanamke. Nilikuwa na maneno tayari, ya Kiswahili na ya Kigusii. Yote yaliniishia.

"Nilimsikia," nikasema. "Alifariki. Siku nyingi."

Aliweka mboga chini. Alivuta kanga akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, nami, binti wa mke aliyezikwa bila kujua, nikajikuta nimemshika mkono mgeni huyu na kumwambia pole, pole mama, ni kazi ya Mungu. Akaniuliza alizikwa wapi. Nikamwambia Keumbu, juu ya soko. Alitaka kunipa kuku niwapelekee ndugu zake. Nilikataa mara tatu kabla hajakubali.

Nilirudi nyumbani kesho yake na sikumwambia mama kitu. Nikaichukua kompyuta, nikaipeleka chuoni kwa wanafunzi wajifunzie kupiga chapa, disketi za njia ile nikazifuta moja moja. Plaiwudi mama aliitumia kukarabati banda la mbuzi. Chumba kikapangishwa kwa muuza mitumba. Baba alihamishia kitanda chake jikoni bila kuambiwa na mtu, na mama aliendelea kumpikia kila siku na kumwekea sahani mezani, akiwa hamsemeshi ila mbele ya wageni.

Jioni moja mwisho wa mwaka huo nilikuwa nikimsaidia mama kufunga mikungu ya ndizi kwa ajili ya soko.  Akauliza, bila kuinua macho, "Ile semina yako ya Kisumu. Ulifika Koru?"

"Hapana," nikasema.

Alivuta kamba, akaikaza kwa goti, akaukata mwisho wake kwa kisu. "Siku hizi sijui nani anaendesha kule, wala kama anapiga honi," akasema, akanyoosha mkono nimpe mkungu mwingine. Nikampa.