Kutoka Nje ya Kikao cha Bodi

Nilipoteuliwa kuwakilisha vijana kwenye bodi ya chuo chetu cha ualimu hapa Sumbawanga, nilisoma kanuni zake mpaka zikanifuata ndotoni. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kwa simu. Mtu aliyesoma hivyo hatulii. Kila mara nahisi kuna ukurasa ambao wenzangu wote wameusoma isipokuwa mimi.

Kikao changu cha pili kilikuwa na ajenda moja niliyoitamani: je, wakati wa likizo chuo kiwafundishe bure walimu wa kujitolea wa vijijini, kama mchango wetu katika mabadiliko ya elimu ya msingi? Mama yangu ni mmoja wao. Anafundisha watoto wa awali kwenye shule shikizi karibu na Milepa, kule bondeni, iliyojengwa kwa ajili ya wadogo wasioweza kutembea hadi shule kubwa. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Kufundishwa namna ya kufundisha ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Nilikuwa nimeandaa la kusema. Nilikuwa nimelirudia mbele ya kioo, nikaondoa maneno, nikayarudisha. Halafu mwenyekiti, mama mstaafu mwenye sauti ya upole, akasoma ajenda, na mimi nikakumbuka kanuni: mjumbe mwenye maslahi ayatangaze, kisha atoke. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mama yangu ni mwalimu wa kujitolea," nikasema. "Naomba kutoka."

Mzee aliyekaa kando yangu akacheka. "Binti, mimi nina mashemeji watatu walimu. Mkoa huu nani hana? Tukitoka wote, mwenyekiti atabaki na birika la chai."

"Mashemeji zako wana mishahara, mzee," mwenyekiti akamjibu. "Mwache. Binti, nenda kaote jua, tutakuita."

Jua lilikuwepo, lakini upepo ulipita ndani ya sweta kana kwamba sikulivaa. Nilijiambia nimefanya sahihi. Kisha nikajiuliza kama nilitoka kwa uadilifu au kwa kuogopa kuongea. Mpaka leo sina hakika.

Waliponiita, ajenda ilikuwa imepita. Walimu watafundishwa, bure, kuanzia likizo ijayo. Kwa sharti moja: mwalimu awe amemaliza kidato cha nne.

Wiki hiyo mama alikuwa amepanda kutoka bondeni kuja kunitembelea. Nilimkuta jikoni kwangu, amejifunga vitenge viwili kwa baridi, anachambua maharage. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kupamba.

Vidole vyake viliendelea na kazi. "Walipoweka hilo sharti, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje."

"Kwa sababu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ungekuwa ndani, wasingeliweka?"

"Sijui."

Nikaanza kulia, kilio kile cha mtu mzima kisichopendeza. Akanivuta begani kwake kwa mkono wenye vumbi la maharage.

"Wewe tangu utotoni, ukikosea mstari mmoja unachana ukurasa mzima," akasema. "Yule kijana mwenzangu wa kujitolea, anayefundisha darasa la kwanza pale kwetu, ana kidato cha nne. Ataenda. Akirudi nitamkalisha chini anieleze yote. Atanikoma."

Nikacheka huku nikilia. Lakini nilimwona alivyoinama tena kwenye ungo, akirudia kuchambua maharage yaliyokwisha kuwa safi.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Alipopata kiti, akafungua dirisha.

"Kikao kijacho, waulize kama sisi wa la saba tunaweza kukaa nyuma, tusikilize tu. Tuko wengi huko bondeni, siyo mimi peke yangu."

"Nitalazimika kutoka tena, mama."

"Utoke," akasema, akivuta kitenge begani. "Lakini uliza kwanza, ndiyo utoke."