Mchango wa Msikilizaji wa Kilibula

Mama yangu alikiona kile kituo cha anga miaka mingi kabla mimi sijajua kinaitwaje. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kila alfajiri alisimama bandarini Kalundu na beseni lake akingoja mitumbwi irudi na samaki. Akifika nyumbani alitueleza kwamba kuna nyota inayotembea. Inatokea upande wa milima yetu, inapita juu ya ziwa, inavuka mpaka na kuingia Burundi bila kumwonyesha mtu karatasi.

Nilisoma fizikia, nikawa prof, yaani mwalimu wa sekondari, nikamsahihisha. Nilimwambia ile si nyota, ni nyumba ya vyuma, ndani mna watu, na inaizunguka dunia mara nyingi kwa siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza watu hao wanapikiwa na nani. Nilicheka. Swali lake nililipeleka darasani kila mwaka ili na wanafunzi wamcheke. Walicheka sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha mitihani yao.

Ziwa lilipopanda likala nyumba yake ya Kalundu, mama alihamia kwangu Kilibula na godoro, beseni na redio ndogo ya betri. Mimi na mke wangu tulimpa chumba cha nyuma. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili nilianza kukitazama kile chumba. Kilikuwa na dirisha linaloelekea ziwani, na mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye meza ya chakula, mkono mmoja ukisukuma sahani. Ghafla nyumba ikawa ndogo. Kikohozi cha mama, ambacho kilikuwepo siku zote, kikaanza kunikera. Bila kumwuliza mtu nikaanza kukiita kile chumba biro yangu, yaani ofisi, naye akiwa bado analala mle.

Nilipanga tumpeleke Lemera, milimani alikozaliwa. Aliondoka huko akiwa msichana, na mtu pekee aliyembakia ni mjane wa kaka yake. Nilimwambia mdogo wangu, ambaye ni mpakuzi wa mizigo bandarini, kwamba hewa ya mlimani itamfaa mama. Akajibu kwamba hajawahi kumsikia mama akilalamikia hewa. Tukapatana kukutana Jumapili baada ya ibada, kikao cha familia, tukate shauri. Mama alijua yote. Ukuta wa chumba chake ni wa mbao, na mimi sina sauti ya chini. Ndiyo maana redio walinichukua.

Kila Jumamosi mchana nilikuwa na kipindi cha sayansi kwenye redio moja ndogo ya mjini. Studio ilikuwa na kanuni iliyobandikwa ukutani, juu ya mikrofoni: hakuna majina hewani. Watu walikuwa wakitumia simu za wasikilizaji kutukana majirani, na kwa nyakati zetu hizi jina likitajwa redioni linaweza kumfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Kwa hiyo kila anayepiga alitaja kartie yake, yaani mtaa wake tu, basi. Niliipenda sana kanuni hiyo. Iliniwezesha kuzungumza na mji mzima bila kumjua mtu. Nilikuwa na maneno yangu ya kumpokea msikilizaji na maneno yangu ya kumwondoa, na hata watoto wa mtaani waliyajua kwa moyo.

Jumamosi ile, kesho yake ikiwa kikao, mada yangu ilikuwa kituo cha anga. Mataifa yenye kituo hicho yalikuwa yakibishana kama yakiongezee miaka au yakishushe. Nilieleza kwamba kimezeeka, kina nyufa, hewa inavuja, na watu wa ndani wanaziba ufa mmoja huku wanatafuta mwingine. Wanaotaka kibaki wanasema utafiti haujaisha: mifupa ya watu inapungua kule juu na haijajulikana vema jinsi ya kuilinda, kuna dawa zinazojaribiwa, kuna mimea. Wengine wanauliza bado kinatupa nini kipya, na kama kitabaki, kazi gani itangulie na ipi iachwe. Kikishushwa, kitaelekezwa sehemu ya bahari iliyo mbali na watu wote, kianguke bila kumsumbua mtu. Nilieleza vizuri, sijifichi. Nilisema, na sentensi yenyewe naikumbuka, kwamba chombo kilichozeeka hakibakizwi kwa huruma, kinabakizwa kwa kazi kinayotoa. Kisha nikawauliza wasikilizaji wao wangetanguliza nini.

Wa kwanza, kutoka Mulongwe, alitaka wachunguze kwa nini ziwa linapanda. Wa pili alikuwa mfugaji wa milimani, akauliza kama wameshawahi kupandisha ng'ombe. Nikamjibu kwa mzaha, akafurahi. Wa tatu nikampokea kama kawaida yangu.

"Karibu, musikilizaji. Unatoka mu kartie gani? Tunakusikiliza, kwa kifupi tu."

"Minye niko musikilizaji wa Kilibula."

Nilimtambua mama yangu kabla hajamaliza. Alikuwa ameazima simu ya jirani. Nyuma yake nilimsikia jogoo wa jirani huyo, yule mpumbavu anayewika mchana.

"Niko na swali juu ya ile chombo," mama akasema. "Wakitaka kuiangusha, wanaiambiaka mbele?"

"Chombo haisikiake, mama." Neno mama halikunisaliti, kila mwanamke mzima huitwa hivyo.

"Na nani njo anakata shauri?"

"Wale wenye kuitumia."

Jogoo aliwika tena.

"Minye nasikia munahesabu tu vile inavuja," akasema. "Kazi hamuihesabu. Ile chombo inaamukaka mbele ya wote. Inachota maji mbele robine ikauke. Inatwanga majani ya sombe. Inabaki na watoto wakati mama yao iko mu soko. Haiombake kitu. Inakohoa kidogo, ni kweli, sikatai. Nauliza tu kama hiyo yote mumeiandika. Na kule ku bahari ya mbali, haiko na muntu."

Fundi wa mitambo, nyuma ya kioo chake, alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Alidhani ni bibi aliyechanganyikiwa. Ningeweza kuweka wimbo. Ningeweza kusema laini imekatika, kwetu laini hukatika kila siku na hakuna anayeshangaa. Watu husema kwamba saa kama ile mtu hushikwa na aibu. Mimi nilishikwa na hasira. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameichukua mada yangu, kwenye kipindi changu, akaielewa kuliko mimi.

Nikacheka, nikiwa nimeisogelea mikrofoni ili kicheko kifike kizima.

"Mama, nafikiri umechanganya kituo cha anga na jiko lako. Kule juu hakuna sombe. Asante kwa mchango wako. Tunapokea musikilizaji mwingine."

Hapakuwa na msikilizaji mwingine. Nilisema halo mara mbili, kisha fundi akaweka muziki.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa uani, ameketi kwenye beseni lake alilolifudikiza, na nguo zake zimefungwa ndani ya kitenge. Mke wangu alikuwa jikoni na hakutoka kunisalimu.

"Musikutane kesho," mama akaniambia. "Jibu nimeshasikia."

Hakulia wala hakununa. Aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia ndiyo, ingawa sikuwa nimekula, nikaingia kukipima chumba kama meza itaenea.

Jumatatu mdogo wangu alimsindikiza mpaka garini. Tangu siku hiyo hunisalimia kama anavyosalimia maofisa wa bandari. Mama alichukua redio yake, beseni akaliacha.

Meza ilienea. Nilikaa dirishani na madaftari yangu, na jua likishazama nilikiona kituo kikipita juu ya ziwa, kinang'aa, hakina haraka. Ila nyumba ilianza kulegea. Maji yalikuwa yakikauka bombani kabla hatujaamka. Watoto wetu wadogo hawakuwa na wa kubaki naye, mke wangu akawa anakwenda nao sokoni, mmoja mgongoni na mmoja akiburutwa. Sombe tulinunua iliyotwangwa na watu wengine, na ndani yake tulikuta mchanga. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Aliweka sahani mbele yangu na kusimama pale mpaka nimeze.

Kisha ikaja habari kwamba wakubwa wanaelekea kukiongezea kituo miaka mingine, kwa kuwa kile cha kukirithi hakijawa tayari. Niliisoma hewani kwa sauti yangu nzuri. Hakuna aliyepiga simu.

Wiki iliyofuata nilipanda Lemera. Ningependa kusema nilikwenda kwa toba. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alisema nisipomleta mama, na yeye atarudi kwao akapumzike. Nilichukua gari mpaka uwandani, kisha pikipiki, kisha njia ya miguu kati ya mihogo na migomba, viatu vyangu vya ualimu vikiwa mkononi. Nilimkuta mama peke yake uani kwa wifi yake, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Redio ilikuwa pembeni yake juu ya jiwe, imezimwa.

Aliinua macho, akaniangalia kwa upole kabisa. Akanisogezea kiti cha wageni.

"Karibu, musikilizaji," akasema. "Unatoka mu kartie gani?"

Nilidhani ni utani. Nikacheka, peke yangu.

"Kilibula," nikasema.

"Tunakusikiliza. Kwa kifupi tu."

Nikaeleza. Nilisema nimekuja kumchukua. Nilisema bomba linakauka mapema, watoto hawana wa kubaki naye, mama yao amechoka, sombe ya sokoni ina mchanga. Nilisema tutamrudishia chumba, na meza nitaitoa. Maneno yalinitoka kwa urahisi kama ya kipindi, na nilikuwa nimeshafika mwisho nilipogundua kwamba nimemtajia kazi zake zote, moja baada ya nyingine, na yeye mwenyewe sijamtaja. Mama alikuwa ameacha kuchambua, mkono wake umetulia juu ya maharage. Aliningoja kwa muda mrefu kuliko nilivyomngoja mimi redioni.

"Asante kwa mchango wako," akasema. "Tunapokea musikilizaji mwingine."

Akarudi kwenye maharage yake. Pale uani tulikuwa wawili tu.