Mstari wa Mwombaji

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, tarehe kumi na nne Agosti, nilipoketi barazani kwangu Temeke na karatasi ya serikali mapajani, nikijiona mwanamke aliyekamilika. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili katika darasa la watu wazima, lililofanyika kila alasiri kwenye ofisi ya tawi la chama. Tangu nilipojua kuandika tarehe sijaacha kuziandika. Ndiyo maana nazitaja bila kukisia.

Karatasi ile ilikuwa ya kumuasili Salima. Mama yake, Somoe, alikuwa mpangaji wangu, mtu wa Lindi, muuza vitumbua. Homa ilimchukua Somoe, mtoto akiwa na miaka mitatu, na baba hakujulikana alipo. Nilimlea Salima miaka minne bila mtu kuniuliza neno. Ulipofika wakati wa kumwandikisha shule, mwalimu akataka kujua mimi ni nani wake. Ndipo nikaenda kwa bibi wa ustawi wa jamii.

“Mama, unataka kumlea au kumuasili?”

“Kwani tofauti yake nini?”

“Ukimuasili, mbele ya sheria anakuwa kama uliyemzaa.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiligeuzageuza neno hilo. Asili, kwa nilivyojua, ni mahali mtu anapotoka. Nitampaje mtoto mahali pa kutoka, naye anapo? Na akiwa kama niliyemzaa, yule aliyemzaa anakwenda wapi? Sikurudi kuuliza. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma haulizi maana ya neno. Basi palipoandikwa “jina la mama” nikaandika langu, kwa wino, herufi zimenyooka. Mstari wa tarehe ya kuzaliwa niliuacha wazi kwa sababu sikuijua, na jambo hilo liliniuma. Chini kabisa palikuwa na mstari wa “mwombaji”. Huo niliuruka kwa makusudi.

Ilibaki ridhaa ya ukoo. Mama yake Somoe, bibi yake Salima, alikuja kwa basi kutoka Lindi, akafika Jumamosi, tarehe kumi na nane. Bila alama ya dole gumba lake Salima asingekuwa wangu. Tena angeweza kuondoka naye siku hiyo hiyo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona mjukuu wangu kanenepa hivi? Dar mnakula mpaka siku za kazi?” Tukacheka. “Haya, msomi, nisomee. Macho yangu mie yamebaki ya kuchambulia mchele tu.”

Nikasoma kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza, alipitisha kidole juu ya karatasi, polepole, kama anayetafuta punje ya mchanga.

“Somoe wangu yuko mstari gani?”

Nikasoma tena toka juu, kana kwamba huenda nilimruka. Hakuwamo.

“Nilikwisha kumlilia mwanangu,” alisema, wala hakuwa na hasira. “Leo umeniita toka Lindi nije nimfute kwa kidole changu mwenyewe?” Akakificha kidole ndani ya khanga.

“Bibi, mimi nakwenda au nabaki?” Salima aliuliza. 

Jumatatu, tarehe ishirini, tulikwenda sote kwa bibi wa ustawi. Akaitazama karatasi yangu nzuri.

“Mama, mstari huu ni wa aliyemzaa. Wako ni huu wa chini, wa mwombaji. Hukuuona?”

“Niliuona. Nilidhani ni wa wanaotaka msaada. Mimi si mwombaji, nina nyumba yangu.”

Mama yake Somoe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akaacha kucheka. “Ndiyo maana,” alisema. “Tangu nimefika umenisomea. Hujaniomba.”

Nikapiga magoti sakafuni, nikamwomba mjukuu wake. Sikumbuki maneno, nakumbuka kwamba hayakunyooka kama herufi zangu. Nikalikata jina langu, nikaandika la Somoe mahali pake na langu kwenye mstari wa mwombaji. Mama yake Somoe akatoa kidole, akakichovya kwenye wino, akakibandika. Akanigeukia: “Haya, andika sasa. Alizaliwa Ijumaa, tarehe mosi ya mwezi wa Rajabu, mvua inanyesha.” Bibi wa ustawi akatafuta kalenda, na mstari wangu uliokuwa wazi ukajaa.

Mahakama ilikubali. Hata hivyo, mwanangu, sikudanganyi: neno lile mpaka leo silielewi lote. Salima aliniita mama, naye akaendelea kumwita marehemu Somoe mama pia, nami kwa muda mrefu sikujua niitike au ninyamaze. Nikazoea kuitika na kumtaja mwenzangu.

Kwa hiyo, ukikabidhiwa karatasi kama ile, uliza kila neno usilolielewa, hata kama una vyeti ukuta mzima. Mwandike aliyemzaa mahali pake. Kisha shuka chini ujiandike mwombaji, na uombe kwa kinywa chako. Mungu akujalie mtoto wa kukuita mama, na akupe moyo wa kulitaja jina la mama yake mbele yake bila kusitasita. Amina.